Jenerali wa Butiama na Mgambo wa Kijijini Kwetu

 

Kama ilivyo desturi ya kijitabu hiki cha harambee, kurasa chache zimetengwa kwa ajili ya historia. Safari hii kamati imewapa kazi hiyo watu wa hesabu. Mtacheka, maana mmezoea kutukuta ukurasa wa mwisho na jedwali la mapato na matumizi, na pengine orodha ya walioahidi wasitimize. Lakini wahasibu nasi tuna la kusema kuhusu historia. Kila anayesomea kazi yetu hufundishwa mapema kwamba fedha iliyopokelewa bila stakabadhi, mwisho wa mwaka ni kama haikupokelewa. Tumekuja kutambua kwamba hata watu wanaweza kupotea namna hiyo.

Tarehe 29 Oktoba 2024 tulipata habari kwamba Jenerali mstaafu David Bugozi Musuguri, Mkuu wa Majeshi wa zamani, amefariki dunia katika Hospitali ya Bugando hapa Mwanza. Alikuwa na umri wa miaka 104. Alizikwa nyumbani kwao Butiama. Ukitoka Mwanza kwenda huko unapita Kisesa, Nyanguge, Magu, Lamadi na Bunda, barabara ileile tunayopita sisi kila Desemba tukirudi nyumbani na mizigo ya sikukuu.

Siku zile kundi letu la simu lilijaa rambirambi. Kila mtu alikuwa na la kusema juu ya Jenerali. Kisha mmoja wetu akaandika: "Na mzee wetu naye si alipigana vita hiyohiyo? Mbona hakuna anayemtaja?" Kundi likanyamaza hadi kesho yake. Makala haya ni jibu la swali hilo. Tutaanza na Jenerali, kwa sababu maisha yake yanajulikana, kisha tutakuja kwa mzee wetu.

Kutoka Butiama hadi Keya

Musuguri alizaliwa Butiama tarehe 4 Januari 1920. Mwalimu Nyerere alizaliwa kijiji hichohicho tarehe 13 Aprili 1922. Wajerumani walikuwa wameshindwa katika Vita Kuu ya Kwanza na Waingereza wameshika nchi. Kwa kijana wa kando ya ziwa njia za kupata fedha ya kodi zilikuwa chache: kulima pamba, kwenda migodini au mashambani, au kuingia jeshini.

Mwaka 1942, akiwa na miaka 22, Musuguri aliingia jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Hiyo ilikuwa Vita Kuu ya Pili. Mwaka huohuo Waingereza waliivamia Madagaska, ambayo wazee wa pwani waliijua kwa jina la Bukini. Kisiwa hicho kilikuwa chini ya serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, na Waingereza walihofu kwamba Wajapani wangeichukua bandari ya Diego Suarez na kuziba njia ya meli za kwenda India na Mashariki. Waingereza walitua hapo Mei 1942, na askari kutoka Afrika Mashariki walishuka Septemba upande wa magharibi. Mapigano yalikwisha Novemba. Huko ndiko kijana wa Butiama alikoonja vita mara ya kwanza.

Makumi ya maelfu ya Watanganyika waliingia jeshini katika vita ile. Karibu kila kijiji cha kwetu kilikuwa na babu aliyerudi na koti la Keya, redio mbovu na maneno machache ya Kiingereza cha gwaride. Wale mababu wote wameondoka, na wengi wao hatujui walipigana wapi.

Mwaka 1947 Musuguri alipandishwa kuwa sajini na kupelekwa kambi ya Kahawa, nje ya Nairobi, kufundisha askari wapya. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake alikuwapo kijana mrefu kutoka Uganda, jina lake Idi Amin. Mwalimu na mwanafunzi walikuja kukutana tena miaka zaidi ya thelathini baadaye, kila mmoja akiwa upande wake wa mpaka.

Katika jeshi la kikoloni Mwafrika hakuweza kuwa ofisa kamili. Mwaka 1957 Waingereza walianzisha cheo cha efendi kwa askari wa Kiafrika waliowaona bora, kikiwa juu ya sajini na chini ya ofisa wa Kizungu. Musuguri akapata cheo hicho. Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 milango ikafunguka.

Kisha ukaja Januari 1964. Askari waliasi kambi ya Colito, Dar es Salaam, na uasi ukafika hadi Tabora. Serikali ililazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, jambo lililomwumiza sana Mwalimu. Jeshi la zamani likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Musuguri alikuwa mmoja wa wachache waliovuka kutoka Keya hadi jeshi jipya na kuendelea kupanda ndani yake.

Vita iliyofika hadi Saanane

Vijana wetu wengi wanadhani vita ya Kagera ilikuwa ya watu wa Bukoba. Wazee wa Mwanza wanajua vinginevyo. Septemba 1972 ndege za Amin zilidondosha mabomu Bukoba na hapa Mwanza, baada ya wakimbizi wa Uganda kujaribu kurudi kwao kwa silaha kutoka ardhi yetu. Kwa hiyo wakazi wa jiji hili walijua sauti ya bomu miaka sita kabla ya vita yenyewe.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yaliingia nchini na kuteka eneo lote lililo kaskazini ya Mto Kagera. Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni lake. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mapema Novemba Mwalimu alilihutubia taifa na kusema mambo matatu ambayo hata sisi tuliozaliwa baadaye tumekua tukiyasikia: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo.

Lakini uwezo wenyewe ulibidi utafutwe. Wakati ule jeshi letu lilikuwa na watu chini ya 40,000. Katika miezi michache likapita 100,000, kwa kuita mgambo, askari wa akiba, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari. Kijijini kwetu mgambo waliitwa uwanja wa shule ya msingi, wakahesabiwa, wakaondoka.

Januari 1979 majeshi yetu yaliuteka Mutukula, mji wa mpakani, na Musuguri, wakati huo Meja Jenerali, akakabidhiwa Divisheni ya 20 iliyosonga mbele ndani ya Uganda. Jina la utani la Jenerali Mutukula likamganda. Masaka iliangukia mikononi mwetu tarehe 24 Februari. Kisha, tarehe 10 na 11 Machi, yakaja mapigano ya Lukaya.

Hapa tuombe subira yenu kidogo, kwa sababu Lukaya inahusu makala haya kuliko mahali pengine popote. Ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala. Mbele yake barabara inapita juu ya tuta katikati ya bwawa kubwa la mafunjo. Anayeshika tuta hilo ameshika njia ya Kampala. Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo, ndiyo iliyotangulizwa. Jioni ya tarehe 10 ilikutana na askari wa Uganda pamoja na Walibya waliotumwa na Kanali Gaddafi kumwokoa Amin. Roketi zikaanza kunyesha. Mgambo hawakuwahi kusikia mlio kama ule, na wengi walivunja mstari wakarudi nyuma. Usiku ule Brigedi ya 208 ikapewa amri ya kuzunguka na kumtokea adui kwa ubavu. Alfajiri ya tarehe 11 waliorudi nyuma walikuwa wamejipanga upya, wakapiga kwa mbele huku wenzao wakipiga kwa pembeni. Adui akavunjika. Baada ya Lukaya njia ya Kampala haikuwa na kizuizi kikubwa tena.

Tarehe 29 Machi vita ilikuja Mwanza yenyewe. Ndege ya Libya aina ya Tupolev ilitumwa kuupiga mji, ikakosea shabaha, na mabomu yakaanguka kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Watoto wetu wakipelekwa Saanane na shule kuwaangalia simba na pundamilia, tuwaambie na hilo.

Entebbe ilitekwa tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 11 Aprili, na mwanzoni mwa Juni majeshi yetu yalifika mpaka wa Sudan. Amin alikuwa ameshakimbia. Mwaka 1980 Musuguri aliteuliwa kuwa Mkuu wa Majeshi, baada ya Jenerali Abdallah Twalipo, na akaongoza hadi 1988 alipomwachia Jenerali Ernest Mwita Kiaro, mtu wa Mara vilevile.

Sisi tumezoea kutoa na kujumlisha. Kutoka 1942 hadi 1988 ni miaka 46 ya sare. Kutoka 1988 hadi 2024 ni miaka 36 ya kustaafu, na nyumba yake ilikuwa kulekule Butiama alikozaliwa. Mtu aliyeongoza jeshi lililouteka mji mkuu wa nchi nyingine alirudi kuwa mzee wa kijiji, mwenye kupokea wageni na kuamkiwa shikamoo na wajukuu.

Mzee wetu

Sasa tuje kwa mgambo wetu. Familia yake imetuomba jina lake lisichapwe katika kijitabu cha kuomba michango, watu wasije wakasema wanatafuta fedha kwa jina la marehemu. Tumeheshimu. Wa kwetu wote mnamjua. Wengine mumwite tu Guku, kama tulivyomwita sisi.

Mwaka 1978 alikuwa na mke, watoto wanne, na wa tano tumboni. Alikuwa na ekari chache za pamba na nusu ya mtumbwi, nusu nyingine ikiwa ya shemeji yake. Majina yalipoitwa uwanjani hakujificha. Mkewe alitusimulia kwamba usiku ule alimwonyesha vitu vitatu: gunia la mbegu lilipo, ng'ombe yupi wa kuuzwa kwanza kukitokea shida, na nani anadaiwa nini. Asubuhi akaenda zake. Walipanda meli bandarini Mwanza, wakashukia Bukoba.

Mtoto wa tano alizaliwa baba yake hayupo. Pamba ya mwaka ule ilivunwa na mama pamoja na watoto, mkubwa wao akiwa na miaka tisa. Hakuna barua iliyofika. Guku hakujua kuandika vizuri wakati ule, na hata angejua, njia ya barua haikuwepo. Kwa miezi mingi mama yule alilala na kuamka bila kujua kama ni mke au ni mjane.

Alirudi mwaka 1979 baada ya mavuno, kwa miguu kutoka barabara kuu, akiwa amekonda na sikio moja halisikii sawasawa. Baadhi ya wenzake walibaki jeshini. Yeye alisema ana watoto watano na mmoja wao hajawahi kumwona, akarudi kwenye jembe na nyavu.

Kuhusu vita hakusimulia. Tulipokuwa watoto tulimsumbua atuambie aliua wangapi, akatufukuza tukachunge. Jambo moja tu alikuwa akilirudia, hasa mvua kubwa ikinyesha: kwamba kule Lukaya barabara inapita katikati ya bwawa, na mtu hana pa kukimbilia. Tulidhani anatuonya tusicheze majini. Tumekuja kusoma historia ya Lukaya tukiwa watu wazima, na yeye ameshazikwa.

Alichofanya kwa miaka iliyofuata ni kulea. Alijiandikisha elimu ya watu wazima, akajifunza kusoma vizuri na kuandika. Watoto wake wa kuzaa walifika saba, na wa ndugu waliofariki aliwachukua watatu. Wote kumi walipita shule ya msingi, na sita wakaendelea mbele. Sote tunaikumbuka hali ya nchi wakati ule. Mwalimu alikuwa amewaomba wananchi miezi 18 ya kujifunga mkanda kulipia vita, lakini miezi hiyo ilipokwisha mkanda haukulegea. Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, sukari ya kugawiwa, na fedha ya pamba ilichelewa kufika kwa mkulima. Katika hali hiyo yeye alilipa ada. Alikuwa akivua usiku na kulima mchana, na tulipokuwa tukirudi likizo tulikuta ameuza baiskeli, muhula mwingine ameinunua tena, mwingine ameiuza tena.

Alikuwa na daftari la mistari ambamo aliandika kila kitu: kilo za pamba, dawa ya kunyunyizia, nyuzi za nyavu, ada, viatu, nauli ya mtoto kwenda shule ya bweni. Upande wa kushoto fedha iliyoingia, upande wa kulia iliyotoka. Mmoja wetu aliyekuja kuwa mhasibu anasema chuo kikuu kilimpa majina ya vitu alivyokwisha kuviona kwenye lile daftari akiwa darasa la tano.

Guku alifariki mwaka 2017. Tulimzika vizuri, watu walikuwa wengi, kwaya iliimba. Lakini katika wasifu uliosomwa kaburini, miezi ile ya vita ilipewa sentensi moja: "Pia marehemu alishiriki vita ya Kagera." Kijana mmoja nyuma akauliza kwa sauti kama kweli, maana hajawahi kuona cheti wala picha. Hakuna aliyeweza kumjibu. Cheti hatukukiona, na namba yake ya jeshi hatukuijua. Hata brigedi yake hakuna aliyejua ilikuwa ipi.

Kosa hilo hatumlaumu mtu wa ofisi yoyote. Ni letu. Tulikuwa na elimu aliyotulipia, tulikuwa na simu zenye kurekodi sauti mifukoni, na kila Desemba tulikaa naye chini ya mwembe siku kumi na zaidi. Tuliongea naye juu ya mahari, mashamba na siasa. Hatukumwuliza.

Ukurasa wa kwanza

Baada ya msiba mama alitupatia lile daftari tulitunze, kwa kuwa sisi ndio watu wa hesabu. Ukurasa wa kwanza hauna fedha. Una majina tisa ya watu, yameandikwa kwa mwandiko wa mtu anayejifunza kuandika, kila herufi peke yake. Pembeni ya majina manne kuna alama ndogo ya msalaba.

Tuliyaangalia majina hayo muda mrefu. Mkewe alisema hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoyaandika alipoanza elimu ya watu wazima. Mwalimu wake alimtaka aandike majina ya watoto wake, yeye akaandika hayo kwanza.

Majina mawili tuliyatambua kuwa ya vijiji jirani, na moja kati ya hayo mawili lina msalaba. Mwaka jana wawili wetu tulikwenda kwenye familia hiyo. Tulimkuta mjane, mama mzee sana, macho hayaoni vizuri. Tulimsomea jina la mumewe kama lilivyoandikwa. Alikaa kimya, kisha akatuuliza swali moja: "Ameandika alipozikwa?"

Hakuwa ameandika. Tulimwambia hivyo. Akasema ahsante kwa kuja, akamtuma mjukuu atuletee uji.

Serikali ilitangaza kwamba wanajeshi wetu 373 walipoteza maisha katika vita ile, na kati yao 96 ndio waliouawa katika mapigano. Ukitoa, wanabaki 277 waliokufa kwa ajali na sababu nyingine. Sisi tunaoishi kwa tarakimu tunajua namba kama 373 inavyoweza kupita machoni bila kumgusa mtu. Lakini mmoja wa hao, kama alama ya Guku ilikuwa sahihi, ni mume wa mama yule, na kwa zaidi ya miaka 45 mama hajui kaburi liko upande gani wa ziwa.

Tunachowaomba

Kila tarehe 25 Julai taifa linaadhimisha Siku ya Mashujaa. Wilayani Muleba, mkoani Kagera, liko eneo la Kaboya lenye makaburi ya mashujaa wa vita ile. Viongozi huweka mikuki, ngao na mashada, nasi tunatazama kwenye televisheni. Jenerali Musuguri amepewa heshima aliyostahili, na maisha yake yako vitabuni. Hatumwonei wivu, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kusema kwamba jenerali bila mgambo wa kulivuka tuta la Lukaya ni mzee mwenye ramani tu. Lakini taifa haliwezi kukumbuka jina ambalo halikuletwa. Kazi ya kuleta majina ni ya kwetu.

Kwa hiyo katika harambee ya mwaka huu, pamoja na kumalizia chumba cha maktaba cha sekondari ya kata, kamati imeongeza mambo matatu madogo.

La kwanza ni daftari la wazee. Katika maktaba hiyo kutakuwa na kitabu kigumu cha kurasa nyingi, na kila familia yenye mzee aliyekwenda Keya, Kagera, au kazi nyingine ya jeshi iandikishe jina, mwaka, mahali, na alichosimulia. Kama alitoroka, andikeni alitoroka. Kama aliogopa, andikeni aliogopa, maana hata waliorudi nyuma usiku wa Lukaya walirudi mbele asubuhi. Hesabu isiyoonyesha hasara haiaminiki hata ikionyesha faida.

La pili ni kuwarekodi walio hai. Tulipojaribu kukumbuka mgambo wa kijiji chetu walioitwa 1978 tulipata majina 11. Walio hai ni wawili. Mmoja bado ana kumbukumbu safi. Kijana yeyote wa sekondari mwenye simu na subira ya kumsikiliza mzee alasiri mbili tatu anaweza kuifanya kazi hii, na umoja utamlipia nauli na vocha.

La tatu ni safari ya Kaboya. Tunataka kumpeleka yule mama na wajukuu wake wawili wakatafute. Tumemweleza wazi kwamba huenda tusikute jina. Amesema atakwenda hivyohivyo, na kwamba akikosa jina ataweka maua kwenye kaburi lolote ambalo halina mtu. Yale majina tisa tutakwenda nayo yote.

Gharama za mambo haya matatu zimo katika jedwali la ukurasa wa mwisho, na kama kawaida yetu kila shilingi itapewa stakabadhi. Lakini mchango wa kwanza hauhitaji fedha. Mkifika nyumbani Desemba hii, kabla ya kuuliza habari za mashamba, kaeni karibu na mzee, mwulizeni alikuwa wapi mwaka 1979, na andikeni atakachosema. Akiwafukuza mkachunge, rudini kesho yake.

Mungu awape pumziko la milele Jenerali Musuguri, Guku wetu, na wenye misalaba minne katika ukurasa wa kwanza. Karibuni sana kwenye harambee.